Ugonjwa Uliojua Kusoma Saa

Mwezi uliopita tulikutana tena, sisi tuliosoma darasa la saba pamoja kule Nyamira, kwenye harusi ya binti wa mwenzetu Ombati. Wakati wa kupiga picha niliinuka kwa utaratibu wangu wa siku zote: mkono mmoja juu ya meza, mwingine juu ya goti, kisha kungoja kidogo kabla ya kunyooka. Ombati aliniona kutoka upande wa pili wa hema akapaza sauti mbele ya wakwe zake: "Saa Nne! Kumbe bado?" Wazee wenzangu wakacheka hadi machozi. Bwana harusi akauliza jina hilo limetoka wapi. "Muulize mwenyewe," Ombati akamjibu. "Shule yetu ilianza saa mbili. Ya huyu ilianza saa nne." Nilicheka pia, maana sasa naweza kucheka. Lakini njiani kurudi nyumbani binti yangu aliniuliza swali lile lile kwa upole, nami nikagundua kwamba watoto wangu wanazijua dawa zangu na siku zangu mbaya, ila hawajui mwaka ambao yote hayo yalipata jina. Ni mwaka wa 1971, nami nitaueleza kwa mpangilio, kadiri ninavyoukumbuka.

Lazima nianze na chumba. Baada ya kutahiriwa, mvulana wa Kigusii halali tena katika nyumba ya mama yake. Anahamia esaiga, kibanda cha vijana kinachojengwa kando ya boma. Changu kilikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, kitanda cha miti kilichofumwa kwa kamba za katani, na harufu ya maua ya pareto, kwa sababu mama aliyaanika kwenye mikeka nje ya ukuta. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwa hiyo nililala peke yangu. Baba haingii katika esaiga ya mwanawe. Mama huishia mlangoni. Heshima hiyo tunaiita chinsoni: kati ya mzazi na mtoto kuna mambo ya mwili yasiyotajwa na kuna milango isiyovukwa. Nililelewa hivyo, na sina ugomvi na malezi hayo. Nasema tu kwamba kwa sababu yake, katika boma lile lenye watu wengi, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua jinsi nilivyoamka.

Ugonjwa ulianza na vidole. Ilikuwa msimu wa baridi, wakati ukungu wa Nyamira unapokaa juu ya migomba hadi jua liufukuze, na asubuhi moja vidole vya mkono wa kulia vilikataa kukunjika. Nilidhani nimevilalia. Baadaye magoti yakafuata, kisha vifundo vya miguu, na mwisho mahali palipouma kuliko pote, nyonga zote mbili, ndani kabisa kuelekea kwenye kinena. Kuketi tu kitandani kulikuwa kazi ya kupangwa hatua kwa hatua. Nilipomaliza kufunga vifungo vya shati, wenzangu walikuwa wamekwisha kuimba wimbo wa shule, na mwalimu wa zamu alikuwa akiningoja langoni na fimbo yake. Ajabu ni kwamba jua likishapanda, mwili uliachia wenyewe. Kufikia adhuhuri nilitembea kama wengine, na jioni nilicheza mpira, ingawa nilichagua kukaa golini. Leo natengeneza cherehani kwa riziki yangu, na mara nyingi fundi wa nguo huniletea mashine mchana akilalamika kwamba asubuhi hukwama. Naizungusha mbele yake, inakimbia vizuri kabisa. Nimejifunza kumwambia aiache kwangu ilale. Mwaka ule hakuna aliyefikiria kuniacha mimi nilale mahali ambapo ningeonekana.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa mtu wa haki. Nalisema hilo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane mkali. Alihukumu alichokiona, na alichokiona ni kijana aliyechelewa kila asubuhi na kuruka kila jioni. Usiku mmoja nilikuwa jikoni kwa mama nikila ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama aliipoza kwa maziwa, nao walikuwa wakizungumza upande wa pili wa ukuta wa udongo usiofika kwenye paa.

"Leo ametoka saa ngapi?" Tata akauliza.

"Jua lilikuwa limeshapanda," mama akasema.

"Na jioni nimemkuta akirukia mpira kama mbuzi. Asubuhi mgonjwa, jioni mzima. Huu ni ugonjwa gani unaojua kusoma saa?"

"Labda ni baridi."

"Baridi ni yetu sote, mama Makori. Mbona sisi tunaamka?"

Nilimaliza chakula changu polepole. Hata mimi niliona kwamba swali lake lilikuwa zuri.

Tulijaribu yaliyokuwa karibu. Jirani mmoja mwenye ujuzi alinichanja magoti kwa wembe na kusugua unga mweusi wa mizizi iliyochomwa. Alama zake ninazo bado. Wazee wa kanisa waliniombea baada ya ibada, wakaniwekea mikono mabegani, ambapo hapakuwa pakiuma. Mama alinipeleka mjini Nyamira, katika duka la Mhindi mmoja mzee aliyeuza vitambaa, taa na dawa za kuchua. Mzee yule alitoka nyuma ya kaunta akichechemea ili anitazame vizuri. "Mama, hii mafuta pasha moto kidogo, halafu paka," alisema. "Mimi iko na goti kama hii. Lakini mimi mzee! Yeye toto, kwa nini?" Mama akalipa. Tulirudi na chupa, mafuta yakasaidia hadi yalipopoa.

Mwishowe Tata mwenyewe akasema twende hospitali Kisii. Mama alinipigia pasi ya makaa shati la shule na kaptula, akanionya nisimwendee daktari nikijikunja kama mtu asiye na watu wake. Tulitoka nyumbani nilipoweza kuinuka, jua likiwa limeshapanda, tukatembea hadi barabarani, tukangoja basi, tukafika, tukakaa kwenye benchi refu lililojaa watoto wa kikohozi. Mlango ulipofunguliwa kwa ajili yangu, mchana ulikuwa umeshapita nusu. Daktari alikuwa kijana, amechoka, mpole. Akaniuliza ninaumwa wapi. Nikasema vidole. Akavikunja, vikakunjika. "Na wapi tena?" Nikasema magoti kidogo. Akayakunja, yakakunjika. "Kwingine?"

Tata alikuwa amesimama ukutani, kofia mikononi. Ili kutaja nyonga ningelazimika kutaja kinena, na daktari angetaka nivue kaptula, na mimi na Tata tungekuwa katika chumba kimoja na jambo ambalo halikupaswa kuwapo kati yetu. Yeye pia, nadhani, alikwisha kuliona likija, maana aligeuza uso akatazama dirishani. "Hapana," nikasema. "Ni hapo tu." Daktari akamgeukia. "Kijana ni mzima, Mzee. Anakua. Mifupa ya vijana huuma." Nimelipitia tukio hilo mara nyingi kichwani, na bado sioni wa kumlaumu. Daktari alipima alicholetewa. Tata alisimama pale baba anapopaswa kusimama. Nami nilifanya adabu niliyofundishwa.

Alinipeleka katika hoteli ndogo karibu na soko. Akaniagizia chai ya maziwa na andazi, yeye akanywa chai ya rangi. Hilo lilinitisha kuliko kama angenigombeza. "Umemsikia daktari," akasema. "Ndiyo, Tata." Akakoroga chai yake ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga. "Sina hasira na wewe. Kwa ugonjwa sina uwezo. Lakini uvivu unatibika, na dawa yake ni kazi." Kisha akaniambia alichokuwa amepanga. Baba mdogo, nduguye aliyekaa Tabaka, alichonga mawe laini ya kule na kuwauzia wafanyabiashara, naye alihitaji kijana wa kubeba mawe kutoka machimboni. Nikimaliza mtihani wa darasa la saba ningekwenda kukaa huko. Mambo ya sekondari yangefikiriwa nikishakomaa. Niliyajua machimbo ya Tabaka. Niliwahi kuwaona vijana wakipandisha mawe mabichi mgongoni, miguu ikizama kwenye tope jeupe. Kazi ile huanza kabla ya jua, saa ambayo mimi sikuweza kushika kijiko. Nilikula andazi lote kwa sababu alikuwa amelinunua, na kila nilipomeza niliona shule ikienda mbali.

Basi bibi yangu, mama yake Tata, akaja kututembelea kutoka Tabaka, ambako aliishi na baba mdogo. Makubaliano yalikuwa kwamba akae nasi hadi nimalize mtihani, kisha niondoke naye. Tulimwita Magokoro, kama wajukuu wote wa Kigusii wanavyomwita bibi. Alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti. Chinsoni haimo kati ya bibi na mjukuu. Wao ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na anaweza kumwambia au kumuuliza lolote. Kwa hiyo asubuhi yake ya kwanza aliingia moja kwa moja katika esaiga yangu na kikombe cha uji.

"Wake wenzangu wameshachota maji," akasema, "na mume wangu bado yuko kitandani! Nimeolewa na gogo?"

Alinikuta nimeegemea kiwiko kimoja, miguu haijakubali kunifuata. Nilikuwa nalia bila sauti. Mvulana aliyetahiriwa halii, kwa hiyo nilikuwa nimegeukia ukuta ili nisionekane. Hakuniambia ninyamaze. Aliweka kikombe chini, akaketi ukingoni mwa kitanda hadi kamba zikalia.

"Wapi?"

Nikamwonyesha mikono na magoti.

"Na wapi?"

Nikageukia ukuta tena.

"Sema. Hakuna mtu hapa ila mke wako."

Nikasema. Nilitaja kila mahali kwa jina lake, kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa mara ya kwanza. Akaweka kiganja kwenye goti langu, akakiacha hapo. "Lina moto," akasema. "Goti la mvivu halina moto." Kisha akanishikia kikombe nikanywa uji kama mtoto mchanga, naye akinisimulia maovu ya kuku wa baba mdogo ili nisione aibu. Alikuja tena kesho yake, na siku zilizofuata. Mara alifika mapema, mara alichelewa makusudi aone mwili unavyoachia. Hakumwambia mtu.

Alisema siku alipokuwa tayari, baada ya chakula cha jioni, katika nyumba ya mama, mimi nikiwa jikoni kama kawaida.

"Tabaka nitarudi peke yangu," akamwambia Tata.

"Mama, jambo hilo tulishakubaliana."

"Mlikubaliana kuhusu mtu msiyemjua. Umemwona akiamka?"

"Unajua siwezi kuingia mle."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha usiingie. Ndiyo maana naja kukuambia mimi."

"Daktari alimpima."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana hata mimi nacheza ngoma. Nitampeleka mwenyewe, waone asubuhi yake."

"Kutoka hapa hamwezi kufika asubuhi."

"Tutalala huko."

Tata akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Na wakisema tena ni mzima?"

"Wakisema ni mzima, jiwe la kwanza nitamtwika mimi kwa mikono hii."

Nililala nikiyawaza maneno hayo. Nilikuwa nimepata wakili, lakini kesi ilikuwa moja tu, na hukumu yake isingekuwa na rufaa.

Kisii tulilala kwa mpwa wa Magokoro, mama mmoja aliyeuza ndizi sokoni, katika chumba nyuma ya duka la fundi wa nguo. Tulikula ndizi za kupika na maharagwe kutoka sufuria moja. Kitanda kilikuwa kimoja, cha mwenyeji. Sisi tulitandika mkeka kwenye saruji. Saruji ile ilinyonya joto lote nililokuwa nalo. Asubuhi sikuweza hata kugeuka ubavu. Magokoro alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni akafurahi waziwazi. "Vizuri, mume wangu. Leo umekuwa mbaya kabisa." Mwenyeji alitaka kuchemsha maji anikande. "Usimguse," Magokoro akamwambia. "Nampeleka hivi alivyo." Wakaniinua wote wawili wakaniweka kwenye mkokoteni wa kubebea ndizi, na mwenyeji akausukuma kupitia mji uliokuwa ukifungua milango, Magokoro akitembea mbele na kusafisha njia kwa sauti yake. Mwanamume mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka akauliza: "Mama, huyo mnauza bei gani?" "Huyu hauzwi," Magokoro akamjibu bila kusimama. "Huyu nimeshaolewa naye."

Safari hii daktari alikuwa mwingine, mwenye mvi, asiyejua Ekegusii, na Magokoro hakujua Kiswahili. Muuguzi kijana, msichana wa kwetu, ndiye aliyetafsiri. Magokoro alieleza kila kitu, kutoka vidole hadi nyonga, kinena na mapaja, na jinsi nilivyohangaika kujisaidia asubuhi. Muuguzi akaona haya. "Magokoro, hilo nitalisemaje?"

"Liseme lilivyo. Yeye ni daktari, hajaja kukuchumbia."

Likasemwa. Daktari hakucheka. Alishika kila kiungo kwa nyuma ya mkono wake kusikiliza joto, kisha akajaribu kukikunja, na kila kilipokataa alikiachia mara moja. Nyonga alizigusa za mwisho, nikapiga ukelele. Nikatolewa damu, nikapigwa picha ya mifupa, tukaambiwa tungoje nje. Mchana alinirudisha, akanikunja tena kila mahali alipokuwa amekunja asubuhi. Sasa mwili ulikubali karibu wote. Nilijua ninavyoonekana. Nilijiona tayari nimesimama kwenye lile tope jeupe.

Lakini alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Asubuhi vile, mchana hivi," akasema. "Ndiyo tabia yake hasa. Hii ni baridi yabisi."

"Si ni ya wazee hiyo?" muuguzi akauliza.

"Vijana pia huipata. Si wengi."

Nimekwisha kuisoma sana baridi yabisi tangu siku hiyo, katika vitabu vya tiba vilivyotupwa na wenyewe, nikiwa na kamusi pembeni. Nimejua namna zake na majina yake mengine, na kwamba dawa za leo zingenifaa zaidi kuliko za wakati ule. Lakini sijasoma popote maneno yaliyonipa pumzi kama yale mawili. Hayakupunguza maumivu hata kidogo. Yaliniambia tu kwamba ninachokisikia kipo. Daktari alieleza kwamba hana dawa ya kuuondoa, ila anaweza kuutuliza: aspirini kila siku baada ya chakula, kutembea bila kukoma, na kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nikandwe kwa maji ya moto hadi vidole vifunguke. Magokoro alisikiliza tafsiri yote, kisha akauliza swali lake moja.

"Anaweza kubeba mawe?"

"Mawe?" Daktari akamtazama muuguzi, akidhani tafsiri imekosewa. "Hapana. Akibeba mawe sasa, baadaye hataweza kubeba kikombe."

"Na kalamu?"

"Kalamu abebe."

Nyumbani, Magokoro alitoa taarifa akiwa bado na vumbi la njiani. Tata alisikiliza hadi mwisho. Akalirudia jina la ugonjwa peke yake, mara moja, kama anayelipima uzito: "Baridi yabisi." Akatoka kwenda kutazama ng'ombe, ambao mama alikuwa amekwisha kuwatazama. Siku chache baadaye alipeleka ujumbe Tabaka kwamba nduguye atafute kijana mwingine. Magokoro ndiye aliyeniletea maji kila asubuhi, nami nilifika shuleni saa mbili kasorobo, na mwalimu wa zamu akapoteza kazi yake ya langoni. Kisha mvua zikakaribia, na Magokoro alikuwa na shamba lake la wimbi. Jioni kabla hajaondoka aliuliza ni nani atakayeniletea maji. Mama alikuwa na mtoto wa kunyonya na ng'ombe wa kukamua saa ile ile, na hata hivyo angeishia mlangoni.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikiwa vile nilivyokuwa nikiamka. Nilisikia hatua nje, nzito, zisizo za mama. Nikasikia kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane yupo. Karai likawekwa kwenye kizingiti. Nilijua siwezi kulifikia kabla maji hayajapoa, na aliyekuwa nje lazima alijua pia, kwa sababu hatua hazikuondoka. Kisha mlango ukasukumwa kidogo, na mpini wa jembe ukaingia peke yake, chini, ukaegemea ukingo wa karai. Ukaanza kulisukuma ndani juu ya sakafu ya udongo, polepole, ukisimama kila maji yalipotaka kumwagika, ukianza tena. Mkono sikuuona. Karai lilikuja likifuka mvuke hadi likagusa mguu wa kitanda changu.

"Makori," Tata akasema kutoka nje. "Maji."